Pima Kina Kabla ya Kushika Msasa



Leo tuzungumze kuhusu rangi ya gari. Gari lililogongwa likabonyea tuliache, hilo lina siku yake. Nazungumzia zile alama ndogo ndogo ambazo kila mwenye gari anazijua. Bodaboda amepenya kwenye msongamano wa Kitengela, usukani wake ukauchora mlango wako. Lori limekupita Namanga Road, jiwe likaruka na kudonoa boneti. Umekwenda kumsalimu shemeji kule ndani Mashuuru, na miiba ya migunga ikavuta mstari kutoka taa ya mbele hadi taa ya nyuma.

Je, ukiona alama kama hiyo unafanya nini? Wengi wetu tunajua njia mbili tu. Ya kwanza ni kuiacha mpaka kutu ianze. Ya pili ni kumpelekea fundi, naye apige msasa mlango mzima na kuupaka rangi upya. Kati ya hizo mbili ipo njia ya tatu, na mara nyingi ndiyo nafuu zaidi. Inaanza na jambo moja ambalo nitalirudia leo mpaka mlishike: pima kina kabla ya kushika msasa. Kina cha mkwaruzo ndicho kinachoamua dawa yake.

Kwanza tujiulize, kwa nini rangi za magari yetu huku Kajiado zinachoka mapema?

Sababu ya kwanza ni jua. Sisi tuko kusini kidogo tu mwa Ikweta, na nyanda zetu za kuanzia Kitengela hadi Kajiado mjini ziko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Jua la mahali palipoinuka lina makali kuliko hewa yake ya ubaridi inavyoonyesha. Ndiyo maana gari likichakaa rangi, boneti na paa hutangulia. Sehemu hizo zinatazama juu siku nzima.

Sababu ya pili ni vumbi. Malori ya saruji na mawe ya chokaa yanapita hapa kwetu mchana na usiku, na viwanda vya saruji vya Athi River ni majirani zetu. Vumbi la saruji likitua juu ya gari kisha likapata umande wa alfajiri, linaanza kushika. Ukija asubuhi na kitambaa kikavu ukalipangusa, unalisugua gari kwa mchanga.

Sababu ya tatu ni maji. Wakazi wa Kitengela wananielewa. Maji ya visima vingi huku ni ya chumvi. Ukiosha gari saa sita mchana ukaliacha likaushwe na jua, maji yanaondoka na chumvi inabaki, nayo inaacha madoa meupe ya mviringo. Madoa hayo yakikaa muda mrefu yanakula rangi.

Jua, vumbi, maji, na pamoja nayo miiba na mawe ya barabarani. Hayo ndiyo mazingira yetu.

Sasa tuingie ndani ya rangi yenyewe. Tukisema rangi ya gari tunadhani ni kitu kimoja, lakini magari mengi tunayoyaendesha leo, yale yanayotoka Japani, yana tabaka kadhaa. Chini kabisa ni bati. Juu yake kuna rangi ya kuzuia kutu, ambayo kiwandani hushikishwa kwa umeme. Kisha kuna praima. Kisha kuna rangi yenyewe, ile unayoiona, nyeupe, nyeusi au fedha. Na juu ya yote kuna klia, tabaka angavu lisilo na rangi. Klia ndiyo inayong'aa, na ndiyo inayoikinga rangi dhidi ya jua.

Klia ni nene kiasi gani? Kwa kawaida ni mikroni 40 hadi 50, yaani kama sehemu moja ya ishirini ya milimita. Hiyo ndiyo akiba yote mliyopewa na kiwanda. Kila mara unapoisugua kwa msasa au kwa kompaundi, unaipunguza, sawasawa na kipande cha sabuni kinavyopungua kila unapokitumia. Tena kumbukeni kwamba sheria yetu inaruhusu kuingiza magari yasiyozidi miaka 8, na wengi hununua yaliyokaribia umri huo. Kwa hiyo gari linapofika mikononi mwako, hujui klia yake imeshasuguliwa mara ngapi.

Ndiyo maana nasema: pima kina kabla ya kushika msasa. Tabaka ulilolimaliza kwa kusugua halirudi mpaka upake jingine.

Je, kina kinapimwaje? Huhitaji mashine. Osha kwanza sehemu hiyo vizuri, kwa maji mengi na sabuni ya kuoshea gari, kisha ikaushe. Halafu chuchumaa uitazame kutoka ubavuni, mwanga ukiipitia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Pitisha ukucha kukatisha mkwaruzo. Ukucha ukiteleza bila kukwama, mkwaruzo huo uko ndani ya klia tu. Ukikwama, mkwaruzo umeshuka zaidi. Kisha lowesha mahali hapo kwa maji. Mstari ukipotea wakati pamelowa na kurudi panapokauka, hiyo pia ni dalili kwamba ni klia peke yake iliyoguswa.

Halafu angalia rangi ya chini ya mkwaruzo. Ukiona kijivu au rangi tofauti na ya gari, umefika kwenye praima. Ukiona chuma kinachong'aa au uwekundu wa kutu, umefika kwenye bati. Na kwenye bampa ukiona weusi, hiyo ni plastiki, nayo haishiki kutu. Usiharakishwe na mtu kwa sababu ya bampa.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui. Mara nyingi mstari unaouona ni rangi ya chombo kingine iliyobaki juu ya gari lako. Pikipiki nyekundu imekugusa, ikakuachia wekundu wake. Chukua kitambaa laini, tia spiriti kidogo, futa polepole. Mara nyingi nusu ya alama inaondoka hapo hapo, na ndipo unapoona mkwaruzo wa kweli ni upi.

Haya, tumeshapima. Sasa tufuate daraja kwa daraja.

Daraja la kwanza: mkwaruzo uko ndani ya klia tu. Huu hauhitaji rangi. Anza na kitu kipole kabisa, yaani kompaundi laini ya kung'arishia, juu ya sponji au taulo laini, kivulini, bati likiwa baridi. Sugua, futa, tazama. Ikiwa pametosha, acha hapo. Ikiwa bado, ndipo utumie kompaundi kali kidogo. Msasa wa maji, namba 2000 na baada yake 3000, ni hatua ya mwisho, kwa mkono mwepesi na maji mengi. Baada ya msasa unarudi kwenye kompaundi mpaka ukungu uondoke, kisha unamalizia kwa nta. Na usifanye msasa kwenye kingo za mlango au mikunjo ya boneti, kwa sababu huko klia ni nyembamba zaidi na rangi iko karibu.

Mtu ataniuliza, je, dawa ya meno inafaa? Dawa ya meno ina chembe za kusugua, kwa hiyo inaweza kupunguza alama hafifu sana. Zaidi ya hapo haina kazi. Na steelwool tuziachie sufuria. Mara moja tu juu ya klia, na umejitengenezea mikwaruzo mia badala ya mmoja.

Daraja la pili: mkwaruzo au tundu dogo la jiwe limefika kwenye rangi, praima au bati. Hapa kung'arisha hakusaidii, kwa sababu hakuna cha kung'arisha, tabaka lenyewe limetoka. Hapa tunajaza.

Kabla ya kununua rangi, tafuta namba yake. Fungua boneti, au fungua mlango wa dereva, utaona kibati au karatasi ya kiwanda. Kwenye Toyota tafuta herufi C/TR. Namba inayofuata ndiyo ya rangi. 040 ni nyeupe ya kawaida. 202 ni nyeusi. 070 ni nyeupe ya lulu. Unaona? 040 na 070 zote ni nyeupe machoni, lakini ni rangi mbili tofauti kabisa. Ukienda dukani ukasema tu "nipe nyeupe ya Toyota", unajitafutia kiraka. Peleka namba kwenye duka linalochanganya rangi za magari, na ikiwezekana peleka gari lenyewe, kwa sababu jua letu limeshaibadilisha rangi ya kiwanda kidogo.

Sasa kazi yenyewe. Safisha tundu kwa spiriti. Kama kuna kutu, ikwangue mpaka uone chuma safi, kisha tia praima ya kuzuia kutu kwa tone dogo. Ikikauka, tia rangi kwa brashi nyembamba au hata kijiti cha meno, ndani ya tundu tu, usipake pembeni. Tia kidogo, acha ikauke, tia tena. Tabaka mbili au tatu nyembamba hushika kuliko tabaka moja nene. Malizia kwa klia mpaka ijae na kuinuka kidogo juu ya usawa. Kisha iache siku kadhaa iwe ngumu. Baada ya hapo ndipo unapoisawazisha kwa msasa wa maji wa namba kubwa na kuing'arisha.

Niseme ukweli hapa. Kwa gari jeupe la kawaida au jeusi, kazi hii ikifanywa kwa utulivu haionekani ukiwa hatua mbili kutoka gari. Kwa rangi ya fedha na ya lulu, itaonekana kidogo, kwa sababu rangi hizo zina chembe zinazopangika zinapopulizwa, na brashi haiwezi kuzipanga hivyo. Lakini bati lako limekingwa, na hilo ndilo lengo la kwanza.

Na je, kuna haraka? Hali yetu ya hewa kavu inatupa nafasi ambayo mtu wa Mombasa, mwenye hewa ya chumvi, hana. Tundu la jiwe lililofika kwenye bati huku kwetu linaweza kungoja kidogo. Lakini lisingoje mvua za Machi wala za Oktoba. Maji yakishaingia chini ya rangi, kutu hutambaa mahali usipopaona.

Daraja la tatu: klia inabambuka. Hili mmeliona sana. Boneti au paa lina mabaka meupe, kingo zake zinanyanyuka kama magamba. Hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopoteza pesa. Klia iliyokwisha kubambuka haitibiki kwa kompaundi wala kwa nta. Mtu akikupaka kitu kinachong'aa juu ya mabaka hayo, kitang'aa siku chache na kuondoka. Wala haitoshi kupuliza klia juu ya baka peke yake, kwa maana kingo za ile ya zamani zitaendelea kunyanyuka. Dawa ni kuisugua klia ya sehemu yote, boneti zima au paa zima, mpaka ubaki na msingi unaoshika, kisha kupuliza rangi pale ilipoharibika, na klia juu ya sehemu yote. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye kompresa na mahali panapofaa.

Kwa hiyo turudie. Ukucha ukiteleza, ng'arisha. Ukucha ukikwama, jaza. Klia ikibambuka, mtafute fundi.

Sasa niongee na mafundi wetu, hasa vijana walioko kando ya barabara kuanzia Kitengela mpaka Kajiado. Ninyi ndio mnaobeba kazi hii, na mnaifanya katika mazingira magumu. Pulizeni asubuhi na mapema, kabla upepo wa nyanda haujaamka. Mwagilieni ardhi maji kuzunguka gari ili vumbi litulie. Msipulize kwenye bati lililochomwa na jua, kwa sababu uso wa rangi hukauka kabla mvuke wa ndani haujatoka, na matokeo yake ni vipele. Na msichanganye familia za rangi. Thina ya NC, yaani nitroselulosi, ni ya rangi ya NC. Rangi ya 2K, ile ya kuchanganya sehemu mbili, ina hadena yake ya kuigumisha na thina yake. Ukiweka thina isiyofaa kwa sababu ni ya bei ya chini, rangi inajikunja au inakosa kushika, na mteja anarudi na hasira.

Mteja naye ajue tofauti hii. Rangi ya NC hukauka haraka na ni rahisi, lakini hubaki ikiyeyuka kwa thina maisha yake yote. Fundi mzoefu akitaka kujua gari limepakwa nini, hugusa mahali pa siri kwa kitambaa chenye thina. Rangi ya kiwandani haitoki. Ya NC hutia kitambaa rangi. Kwa jua letu, rangi ya 2K inadumu zaidi.

Lakini 2K ina hatari, na hapa siwezi kunyamaza. Hadena yake ina kemikali zinazoitwa isosayanati. Zikivutwa puani wakati wa kupuliza, zinaweza kumpa fundi pumu ambayo haitaondoka tena. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii kitu. Barakoa ya daktari haizuii. Inatakiwa barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, na bora zaidi ni ile inayomletea fundi hewa safi kwa mpira kutoka mbali. Kijana wangu unayepuliza klia bila chochote usoni, nakuomba, mapafu yako yana thamani kuliko boneti la mtu yeyote. Na wewe mwenye gari, ukimwona fundi wako hana barakoa, mwambie aiingize kwenye hesabu, nawe ulipe. Hiyo ni sehemu ya bei halali ya kazi.

Mbali na barakoa, kuna suala la mahali pa kufanyia kazi. Katikati ya miaka ya 1980 serikali ilianza kuwajengea mafundi wa jua kali vibanda pale Kamukunji, Nairobi, kwa kutambua kwamba kazi ya mikono inahitaji kivuli. Wapaka rangi wanahitaji kivuli kuliko wote, na wanahitaji kuta za kuzuia vumbi pia. Mji unaokua kama Kitengela, wenye magari mengi namna hii, unastahili kuwa na banda la pamoja la kupulizia rangi, lenye feni ya kutoa mvuke, ambalo mafundi wanaweza kulikodi kwa saa. Viongozi wa kaunti mnaotusikiliza, lipangeni.

Tukaribie mwisho na kinga. Kinga kuu ni uoshaji. Kabla ya kugusa gari lenye vumbi la saruji, limwagie maji mengi kwanza, vumbi liondoke lenyewe. Tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga usirudi kwenye gari. Muulize kijana wa kuosha magari: kitambaa hiki kimetoka kufuta magurudumu ya nani? Muulize kwa heshima, lakini muulize. Sabuni ya unga ya kufulia inaondoa nta, iacheni ifue nguo. Ukiosha kwa maji ya chumvi, osha asubuhi au jioni, na likaushe gari kwa taulo mara moja. Madoa mapya ya chumvi hutoka kwa siki iliyochanganywa na maji sawa kwa sawa, kisha unasuuza. Kinyesi cha ndege kilowesheni na kukiondoa siku hiyo hiyo, kwa sababu kina tindikali, na jua la mchana huisaidia kuchimba. Na paka nta mara chache kwa mwaka, hasa kwenye boneti na paa.

Nimalizie na maswali matatu ya kumuuliza fundi kabla ya kumwachia ufunguo. La kwanza: fundi, mkwaruzo huu umefika tabaka gani, hebu nionyeshe. La pili: unaweza kuurekebisha bila kupaka mlango wote? La tatu: utatumia rangi gani, NC au 2K, na namba yake ni ipi? Fundi anayejua kazi yake atafurahia maswali hayo na atakuonyesha kwa kidole. Anayekasirika kabla hajatazama, mshukuru na uende kwa mwingine. Na ukiamua kubadilisha rangi ya gari kabisa, kumbuka mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, NTSA, lazima ijulishwe, ili kumbukumbu zilingane na gari lenyewe.

Wasikilizaji wapenzi, wiki hii fanyeni jambo moja. Fungueni boneti, tafuteni namba ya rangi ya gari lenu, iandikeni mahali mtakapoipata. Kisha lizungukeni gari mkiwa na ukucha na maji kidogo, mjue kila alama iko daraja gani. Mkifanya hivyo, siku ya kuzungumza bei na fundi mtakuwa mnajua mnacholipia.

Pima kina kabla ya kushika msasa.